Vebena ya Limau Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akishasugua jani la vebena ya limau kati ya vidole mara moja tu, huanza kuutafuta mmea wake. Maswali huja baadaye, kwa kawaida majani yakiwa yameshaanza kupukutika. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, na majibu yake yanatoka kwa mtu aliyeupanda, akauua, akaupanda tena. Utaona majibu mengi yanaelekea mahali pamoja: tunachokitaka kwenye mmea huu ni mafuta yenye harufu yaliyo ndani ya jani. Jua, maji, mkasi na birika, vyote ama vinayalinda mafuta hayo au vinayapoteza.

Vebena ya limau ni mmea gani hasa?

Ni kichaka cha kudumu, chenye matawi yanayokomaa na kuwa magumu kama kuni. Asili yake ni Amerika Kusini, hasa Argentina na Bolivia. Ukipandwa ardhini mahali penye joto hufika mita 2 hadi 3. Kwenye chungu huishia mita 1 au 1.5, na kwa jikoni hiyo inatosha kabisa.

Majani yake ni membamba, yamechongoka kama ncha ya mkuki, yana urefu wa hadi sentimita 10, na kijani chake hakikukoza. Papasa upande wa juu wa jani: utahisi ukwaru kama wa msasa laini. Halafu angalia yanavyoota. Kila kifundo cha tawi hutoa majani matatu kwa pamoja, wakati mwingine manne, yamelizunguka tawi. Maua ni madogo mno, meupe au ya zambarau iliyopauka, na hutoka kwa vishada kwenye ncha za matawi. Hayana makuu. Huu haupandwi kwa ajili ya maua.

Je, si mchaichai huo huo kwa jina jingine?

La. Mchaichai ni jamii ya nyasi, huota kwa mashina mengi kutoka chini. Vebena ni kichaka cha matawi. Kinachovichanganya ni harufu, na hapo kuna sababu ya kweli: mimea yote miwili ina sitrali, kemikali ile ile inayolipa ganda la limau harufu yake. Ila mchaichai huvumilia kuchemshwa kwenye sufuria mpaka maji yabadilike rangi. Vebena ukiifanyia hivyo, harufu yote inaishia hewani na wewe unabaki na maji yenye ladha ya nyasi zilizopikwa.

Kuna ndugu wengine wa jina au wa harufu wa kuwaangalia unaponunua mche. Melisa nayo inanukia limau, lakini ni ya jamii ya mnanaa, majani yake ni mapana na laini, na ikikaushwa harufu hupungua sana. Vebena ya dawa, *Verbena officinalis*, ni mmea mwingine kabisa: mchungu, hauna harufu ya limau, na mara nyingi huuzwa mkavu kwa jina linalofanana. Ufaransa, kwa mfano, neno *verveine* hutumika kwa yote miwili, kwa hiyo anayenunua pakiti ya majani makavu na anuse kabla ya kulipa. Tatu, zipo vebena za mapambo zinazouzwa kwa ajili ya maua yao ya rangi kali. Hizo si za kunywa.

Kama mche una kibandiko, tafuta jina *Aloysia citrodora*. Ukikuta *Aloysia triphylla* au *Lippia citriodora*, usirudi nyuma. Ni majina ya zamani ya mmea huo huo.

Hilo jina Aloysia limetoka wapi?

Wahispania waliuleta mmea huu Ulaya katika karne ya 18, na jina la jenasi likatolewa kwa heshima ya María Luisa wa Parma, mke wa Mfalme Carlos wa Nne wa Uhispania. Ndiyo maana kwa Kihispania huitwa *hierba luisa*, na Moroko, ambako hunywewa sana, huitwa *louiza*. Tahadhari: katika baadhi ya nchi za Amerika Kusini *hierba luisa* ni mchaichai, na vebena yenyewe huitwa *cedrón*. *Triphylla* la zamani lina maana ya majani matatu, na mimi nalipenda zaidi kuliko jipya kwa sababu linakufundisha kuutambua mmea.

Nianze na mbegu au mche?

Mche. Mbegu ni adimu, huota kwa kusuasua, na hata zikiota utasubiri sana. Anza na mche mmoja wenye afya, au omba kipandikizi kwa mtu mwenye mmea. Usione haya kuomba. Mwenye vebena ana matawi ya kukata kuliko anavyoweza kutumia.

Kipandikizi kinaoteshwaje?

Hapa watu wengi hukata tamaa mapema, kwa hiyo nitakwenda hatua kwa hatua.

Chagua tawi la mwaka huu lisilo na maua. Liwe limeanza kukaza lakini bado linapinda bila kuvunjika. Lile teketeke la nchani hunyauka kabla halijapata mizizi, na lile gumu la kahawia huchukua muda mrefu mno. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, kwa mkasi au wembe mkali. Mkato wa kubana-bana huoza.

Chuma majani yote ya nusu ya chini. Acha machache juu, na kama ni makubwa, yakate nusu kwa upana. Inauma kuyakata majani mazuri, najua, lakini kijiti kisicho na mizizi hakiwezi kunywesha majani sita.

Choma kijiti hicho kwenye mchanganyiko wa mchanga wa mto na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Hakikisha angalau kifundo kimoja kimezama, kwani mizizi hupenda kutokea hapo. Mwagilia, kisha funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, ili unyevu ubaki ndani. Weka mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua kali, na ufungue kifuniko cha chupa kila siku kwa muda kidogo hewa ipite.

Baada ya wiki 3 au 4 vuta kijiti taratibu sana. Kikishika, kina mizizi. Kikitoka, kirudishe, usikitupe, kama bado ni kibichi. Mimi huotesha vitano nikitaka viwili.

Njia ya kuweka tawi kwenye glasi ya maji nayo hufanya kazi mara nyingine. Mizizi ya majini huwa dhaifu, kwa hiyo hamishia kwenye udongo mapema, ikiwa na sentimita 2 au 3.

Chungu au ardhini?

Kama kwako hakuna baridi ya kugandisha, ardhini utapata kichaka kikubwa chenye majani kuliko unavyoweza kunywa. Baridi ikiwepo, chungu ni bora kwa sababu unaweza kukihamisha. Chungu kiwe na upana wa sentimita 30 au zaidi kwa mmea uliokomaa, na kiwe na matundu ya chini. Matundu, si tundu. Wanaopanda kwenye ndoo isiyotobolewa huniandikia baada ya miezi miwili.

Mbona nautunza vizuri, namwagilia kila siku, na bado unakufa?

Ni kwa sababu unamwagilia kila siku.

Vebena hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Mizizi yake inahitaji hewa, na udongo ukikaa na maji muda wote, mizizi huoza. Ubaya ni kwamba mmea wenye mizizi iliyooza hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, kwa hiyo mwenye nao anaongeza maji. Ukikuta mmea umenyauka na udongo umelowa, acha kumwagilia mara moja. Utoe kwenye chungu uone mizizi: mizima ni myeupe au ya manjano hafifu na ni imara, iliyooza ni ya kahawia, laini, na ina harufu mbaya. Kata iliyooza, panda upya kwenye udongo mkavu kiasi, punguza na matawi ya juu, kisha subiri.

Kipimo changu ni kidole. Kichomeke kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Pakiwa na unyevu, ondoka. Ukishazoea, utajua kwa kukinyanyua chungu tu. Kilichokauka huwa chepesi kwa namna ya kushangaza.

Udongo wenyewe uwe tifutifu. Mfinyanzi mtupu haufai. Changanya mboji na mchanga wa chengachenga au kokoto ndogo, maji yapite haraka. Na kiu nayo isizidi: mmea wa chungu ukikauka kabisa wakati wa joto, hupukutisha majani ya chini ndani ya siku chache.

Unahitaji jua kiasi gani? Naweza kuuweka ndani?

Saa 6 za jua la moja kwa moja kwa siku, na zaidi ikiwezekana. Jambo hili si la ukuaji tu. Mafuta ya harufu hutengenezwa kwenye vitezi vidogo sana vilivyo juu ya jani, na mmea uliokulia kivulini hutoa majani makubwa, laini, ya kuvutia macho, ambayo ukiyasugua hayana la kukuambia. Ule uliopigwa na jua una majani madogo na makakamavu, na ukipita karibu nao tu nguo inabaki na harufu.

Ndani ya nyumba huishi, lakini kwa shida. Weka dirisha lenye jua kuliko yote, geuza chungu kila wiki, na utarajie matawi marefu membamba. Ukiweza kuutoa nje miezi ya joto, utoe. Ila usiutoe kwa siku moja: anza na saa mbili za asubuhi, ongeza kidogo kidogo kwa wiki nzima, la sivyo majani yataungua na kubaki na mabaka meupe.

Majani yote yameanguka. Umekufa?

Pengine umelala tu. Vebena hupukutisha majani baridi ikiukaribia, hasa joto likishuka kuelekea digrii 0, na hata kuhamishwa ghafla kutoka nje kwenda ndani hutosha kuumwagia majani yote sakafuni. Matawi yaliyokomaa huvumilia baridi kuliko majani, alimradi mizizi haijaloa.

Mmea wangu wa kwanza niliutupa mwenyewe. Ulikuwa umebaki vijiti vya kijivu, vinavyolia vikivunjwa, nikaung'oa na kuutupa kwenye lundo la mboji. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nageuza lundo kwa reki, nikasikia harufu ya limau. Nilipoinama nikaona kisiki kile, na kwenye ubavu wake chipukizi la kijani lenye urefu wa ukucha, ambalo jino la reki lilikuwa limelikata muda huo huo. Harufu ilikuwa ya hilo.

Kwa hiyo kabla hujatupa, kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake pakiwa na kijani chenye unyevu, tawi li hai. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena, na tena, mpaka karibu na udongo. Mara nyingi juu pamekufa na chini pazima.

Wakati umelala, maji ni kidogo sana, labda mara moja kwa wiki 2 au 3, udongo usikauke kabisa tu. Usitie mbolea. Uweke mahali pa baridi kiasi pasipogandisha. Na ujue kwamba vebena huamka mwisho, mimea mingine yote ikiwa imeshavaa majani. Mimi sikati tamaa mpaka joto liwe limetulia kwa miezi miwili.

Mmea umerefuka kama mlingoti, majani yako juu tu. Nifanye nini?

Kata. Watu huuhurumia mmea huu isivyostahili. Usipokatwa hurefuka, hujikunja, na majani hukimbilia nchani. Kila ukikata juu kidogo ya kifundo, macho yaliyo pale huamka na kutoa matawi mawili au matatu mahali pa moja, na kila tawi jipya lina majani teketeke yenye harufu kali.

Ukataji mkubwa fanya mmea unapoamka baada ya baridi, au mwanzo wa msimu wa kukua kama huko hakuna baridi: punguza matawi ya mwaka uliopita hadi theluthi moja ya urefu wake, toa yaliyokufa na yanayosuguana. Baada ya hapo unakuwa unanyofoa ncha kila wiki chache, na hizo ncha ndizo mavuno yako. Anayekunywa chai ya vebena mara kwa mara hahitaji ratiba ya kupogoa.

Majani yamekuwa na vidoti vyeupe na utando mwembamba chini.

Huo ni utitiri, adui mkuu wa vebena iliyowekwa ndani kwenye hewa kavu. Ni wadogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi. Tikisa tawi juu ya karatasi nyeupe, vumbi likitembea umewapata. Peleka mmea nje au bafuni, uoshe kwa maji yenye nguvu, hasa upande wa chini wa majani, na urudie kila siku 3 au 4 kwa wiki mbili. Wakigoma, nyunyiza maji yenye sabuni laini ya maji kidogo. Vidukari na inzi weupe hutibiwa vivyo hivyo.

Dawa kali za wadudu usizitumie kwenye mmea unaokwenda kikombeni. Hata majani yaliyopigwa sabuni yaoshe vizuri kabla ya kuyatumia, au subiri yaote mapya.

Mbolea je?

Kidogo. Kiganja cha mboji juu ya udongo mwanzo wa msimu, kisha mbolea ya maji iliyochanganywa hafifu mara moja kwa mwezi kwa mmea wa chungu. Ukizidisha naitrojeni unapata majani mengi yasiyo na harufu.

Nivune lini, na kiasi gani?

Asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Majani huwa na nguvu zaidi kabla tu ya maua kufunguka, ingawa kwa kikombe cha leo chuma wakati wowote. Kata tawi zima juu ya kifundo badala ya kunyofoa jani moja moja kutoka chini. Ukinyofoa unaacha kijiti kitupu. Kwa mavuno ya kawaida usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mara moja.

Yanakaushwaje bila kupoteza harufu?

Habari njema: vebena ni miongoni mwa majani yanayoshika harufu vizuri baada ya kukauka. Habari nyingine: watu huipoteza kwa haraka yao, kwa kuanika juani au kutia kwenye oveni. Joto lile lile linalokausha jani ndilo linalorusha mafuta.

Funga matawi matano au sita kwa uzi, yaning'inize kichwa chini mahali penye kivuli na hewa inayopita. Au yatandaze kwenye wavu safi, tabaka moja. Yakipangwa kwa rundo hugeuka meusi katikati. Baada ya siku 3 hadi 7, kutegemea hali ya hewa, kunja jani moja: likivunjika kwa mlio, na mshipa wa kati nao ukivunjika, tayari. Mshipa ukipinda bado kuna maji, na ukiweka hivyo kwenye chupa litaota ukungu.

Chambua majani kutoka kwenye vijiti na uyahifadhi mazima, kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, ndani ya kabati lenye giza. Yasage au kuyavunja siku ya kuyatumia tu. Yakihifadhiwa hivyo, mwaka mmoja unapita na ukifungua chupa bado inakupiga usoni.

Kugandisha pia kunawezekana: katakata majani mabichi, jaza kwenye trei ya barafu, mimina maji. Vipande hivyo ni vizuri kwenye kinywaji baridi. Kwa chai napendelea makavu.

Chai ya vebena inatengenezwaje?

Majani mabichi 6 hadi 8 kwa kikombe, au kijiko cha chai kilichojaa cha majani makavu yaliyovunjwa. Yale mabichi yafinye kidogo mkononi kwanza, kiasi cha kuyaamsha, bila kuyaponda. Maji yachemke, yaachwe dakika moja yatulie, ndipo uyamimine juu ya majani. Funika kikombe kwa kisahani. Usiruke hatua hii: mvuke unaopanda ndio unaobeba harufu, na ukifunua baada ya dakika 5 utaona matone chini ya kisahani. Yanuse, kisha yakung'utie kikombeni.

Dakika 5 hadi 7 zinatosha. Tofauti na majani ya chai ya kawaida, ukisahau kwa robo saa kinywaji hakigeuki kikali cha kukausha ulimi. Rangi yake ni manjano-kijani hafifu sana, kwa hiyo usipime ukolezi kwa macho. Asali inakubaliana nayo. Mnanaa pia, kwa kiasi, kwani ukizidi unaimeza vebena yote.

Ya baridi: tia majani mara mbili ya kawaida, acha ipoe ikiwa imefunikwa, chuja, weka barafu.

Ina kafeini?

Haina. Ndiyo maana wengi huinywa usiku baada ya kula.

Zaidi ya chai, naifanyia nini jikoni?

Hapa vebena inalishinda limau lenyewe. Jani lina harufu ya limau lakini halina ukali wa maji ya limau. Ukimwaga maji ya limau kwenye maziwa ya moto, maziwa yanakatika. Ukitia majani ya vebena, maziwa yanabaki laini na yanachukua harufu yote. Kwa hiyo aiskrimu, kastadi, na chochote kinachoanza na maziwa au krimu ndipo nyumbani kwake. Pasha nusu lita ya maziwa mpaka pembeni paanze kutoa mapovu madogo, zima moto, tumbukiza majani mabichi kama 15, funika dakika 20, chuja, kisha endelea na pishi lako.

Shira nayo ni rahisi. Kikombe 1 cha sukari na kikombe 1 cha maji, koroga kwenye moto mpaka sukari iyeyuke, zima, tia konzi moja ya majani, funika mpaka ipoe. Chuja. Kwenye friji hukaa wiki mbili. Kijiko kimoja kwenye glasi ya maji yenye barafu kinatosha, na juu ya matunda yaliyokatwa ni bora zaidi.

Ukitaka haraka kuliko hiyo, saga kikombe cha sukari na kijiko kikubwa cha majani makavu, chekecha, tumia kwenye keki na biskuti mahali palipotakiwa ganda la limau la kukwangua.

Kwa samaki au kuku, weka matawi mazima ndani au chini ya nyama wakati wa kuoka, uyatoe kabla ya kupakua. Kwenye mchuzi, tia dakika za mwisho. Kanuni haibadiliki: moto mrefu unafukuza harufu.

Majani yenyewe yanaliwa?

Hayana madhara, lakini ule ukwaru wa msasa hauondoki kwa kupikwa. Chuja, au yakate nyuzi nyembamba mno. Yale madogo ya nchani ndiyo pekee ninayoweka kwenye saladi.

Kuna mtu asiyefaa kuinywa?

Kwa kiasi cha kikombe kimoja au viwili, au kiungo cha chakula, watu wengi huitumia bila shida. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa kila siku na amwulize daktari kabla ya kuifanya mazoea. Utasikia pia kwamba inatibu hili na lile. Hutuliza tumbo baada ya kula, ndivyo ilivyotumika kwa muda mrefu. Mimi sitavuka hapo.

Mafuta yake yaliyokamuliwa ni jambo jingine. Yamekolea mara nyingi kuliko jani, huweza kuwasha ngozi, na ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua inaweza kuungua. Umoja wa Ulaya umeyapiga marufuku kama kiungo cha manukato kwenye vipodozi. Usiyanywe, usiyapake.

Nina paka na mbwa.

Weka chungu wasipofikia. Wakila majani mengi wanaweza kutapika na kuharisha.

Je, inafukuza mbu?

Sitrali haipendwi na wadudu wengi, lakini chungu kilichokaa kimya barazani hakikulindi. Mafuta hubaki kwenye vitezi mpaka jani liguswe au livunjwe. Pale ambapo mbu ni tishio la kweli, tegemea chandarua, si kichaka.

Majani ya mwaka jana yamefifia kwa chai. Nitupe?

Bado. Yashone kwenye kifuko cha kitambaa chepesi, ukiweke katikati ya mashuka kabatini, na ukifinye kila unapofungua mlango. Kila ukifinya, majani machache yanavunjika na harufu iliyobaki ndani inatoka. Kikiisha kabisa, kifungue umwage kwenye mboji. Na vile vijiti vilivyobaki siku ya kuchambua, vikatekate navyo uvitie humo humo.